Mchumba hakulelewa kanisani: je, ndoa itadumu?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mama. Nina miaka 29, naishi Sakina, Arusha, kwetu ni Machame. Nimelelewa Kilutheri, na baba ni mzee wa kanisa hadi leo. Mchumba wangu ni mzaliwa wa Majengo, Moshi. Baba yake ni Mwislamu. Mama yake alikuwa Mkristo, akasilimu ili waoane. Walipoachana, mwenzangu akiwa darasa la tatu, mama huyo akarudi kanisani kwake, na mtoto akalelewa na bibi mzaa mama. Madrasa alisoma akaacha njiani, kanisani huenda Krismasi. Ni mtulivu, anajituma, hajawahi kunivunjia heshima. Amesema yuko tayari kubatizwa ili tufunge ndoa kanisani. Mama yangu hataki kusikia: anasema mtu asiyelelewa katika dini, tena wa nyumba iliyovunjika, ataniacha na watoto. Lakini yeye na baba wana miaka 34 ya ndoa, na tangu nipate akili sijawasikia wakizungumza zaidi ya ada, mahindi na misiba. Je, ni kweli malezi ya dini yanalinda ndoa? Na mwenzangu akibatizwa, itatosha?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile ulilolitaja kwa kupita, la baba na mama, kwa sababu naona ndilo linalokutisha zaidi. Huyu kijana hujamwogopa. Unachoogopa ni kuingia kanisani ukiwa umevaa shela na kutoka na ndoa kama ile uliyoiona sebuleni kwenu.

Kutoachana ni jambo moja, kuelewana ni jambo jingine. Malezi ya dini, kwa jinsi tulivyoyapokea huku kwetu mlimani Kilimanjaro, yana nguvu kubwa kwenye lile la kwanza. Mtoto anakua akijua kwamba ndoa ni agano mbele za Mungu, na kwamba anayeivunja ataulizwa na mchungaji, na wazee, na ukoo, na majirani anaokaa nao benchi moja Jumapili. Baba yako akimwacha mama yako leo, uzee wa kanisa hautabaki salama, na mama yako akirudi kwao kuna watakaomhesabia kuwa ndiye aliyeshindwa. Gharama ya kuondoka ni kubwa, kwa hiyo hawaondoki. Silibezi hilo hata kidogo. Nimewaona watu waliovuka miaka mibaya sana, ya ulevi, ya kufukuzwa kazi, ya kumpoteza mtoto, kwa sababu tu mlango wa kutokea ulikuwa mzito kuufungua, na upande wa pili wa miaka hiyo wakakuta upendo wao ukiwasubiri. Mlango ungekuwa mwepesi wasingefika.

Lakini mlango mzito haumfundishi mtu namna ya kuishi ndani ya nyumba. Katekisimu ya kipaimara inafundisha amri kumi na maana zake. Haina somo la namna ya kumwambia mumeo kwamba umeumia bila kumdhalilisha, wala namna ya mume kusema "nimekosa" mbele ya mkewe. Hayo mtoto huyasoma kwa wazazi wake, kila siku, bila daftari. Wewe umesoma kwa wazazi wako kwamba ukiudhika unanyamaza. Naomba ujichunguze hapo kabla hujamchunguza mwenzako.

Mtafiti mmoja Mmarekani, Paul Amato, alizifuata familia za kwao kwa miaka mingi, wazazi kwanza na baadaye watoto wao walipokuwa watu wazima. Yeye na mwenzake Danelle DeBoer waliandika mwaka 2001 kwamba watoto wa wazazi walioachana walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuachana na wao. Hapo mama yako amepatia. Watoto wa wazazi waliokuwa na ugomvi lakini hawakuachana, hawakuwa na hatari hiyo ya ziada. Walichokuwa nacho, kwa maelezo ya kazi nyingine za Amato huyo huyo, ni ndoa zenye mifarakano zaidi. Kwa maneno mengine, mwenzako amerithi wazo kwamba ndoa inaweza kuvunjwa, na wewe umerithi kwamba haivunjwi, hata ikiwa imekufa. Kila mmoja ana mzigo wake wa kufanyia kazi. Sioni kwa nini wa kwake uitwe kasoro na wa kwako uitwe malezi mema.

Hizo ni takwimu za Marekani, nazo zibaki za Marekani. Hapa Tanzania sensa haijauliza dini ya mtu tangu ile ya mwaka 1967. Anayekuambia kwamba waumini wa dini fulani au dhehebu fulani ndio wanaoachana sana nchini, hana sensa ya kumuunga mkono. Anazungumza kwa aliyoyaona mtaani kwake, na mara nyingi kwa aliyoyasikia tangu utoto kuhusu watu wa upande wa pili.

Hata huko walikohesabu, hesabu haikutoka kama wengi walivyotarajia. Mwaka 2014 Jennifer Glass na Philip Levchak walilinganisha kaunti za Marekani wakakuta kwamba kule walikojaa Waprotestanti wahafidhina, wale wanaohubiri sana utakatifu wa ndoa, talaka zilikuwa nyingi zaidi. Sababu kubwa waliyoiona ni kwamba vijana wa huko waliwahi mno kuoana na kuzaa, wakaacha shule mapema, wakaanza maisha na kipato kidogo. Imani iliwasukuma kufunga ndoa, umaskini na utoto vikaitikisa. Hilo linatuhusu. Ni mara ngapi huku kwetu binti amepata ujauzito, familia zikakimbilia kufunga ndoa "kufuta aibu", na watoto hao wawili wakaachiwa chumba kimoja cha kupanga na kitanda? Ndoa ile ikivunjika tunasema hawakuwa na hofu ya Mungu. Walikuwa nayo. Walikosa umri, kodi ya nyumba na mtu wa kuwaongoza.

Wewe una miaka 29, mwenzako anajituma, mmefahamiana. Kwa upande huo mmesimama pazuri kuliko wengi waliooana wote wakiwa wana wa wachungaji.

Sasa nieleze malezi ya dini yanatoa nini hasa, maana nisieleweke kwamba nayadharau. Yanatoa watu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame mwaka 1893, walikuta tayari kuna ukoo, jirani na rika, na kila kimojawapo kilikuwa na kauli katika ndoa ya mtu. Bruno Gutmann, mmoja wa wamisionari hao, aliyefanya kazi Old Moshi tangu mwanzoni mwa karne iliyopita hadi mwaka 1938, aliliona hilo akataka kanisa lijengwe juu ya mahusiano hayo hayo badala ya kuyabomoa. Mtu anaweza kubishana na mengi aliyoyafanya, lakini pale aliona sawasawa: Mkristo wa peke yake, asiye na wa kumuuliza "mbona mwenzio haonekani?", imani yake haimsaidii sana siku ya ugomvi.

Bibi zetu walikuwa na isale, mmea ambao jani lake kwa Wachaga ni ishara ya kuomba msamaha. Mume amemkosea mke, mke amerudi kwao. Mume haendi mwenyewe kubisha hodi. Anatafuta mzee anayeheshimika pande zote mbili, mzee anachukua jani la isale, anafika ukweni asubuhi, analiweka. Haanzi kwa kueleza nani mwenye makosa. Jani likishawekwa, wenye nyumba wanajua kwamba huyu amekuja kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito ambalo ukoo mzima ungelisikia. Mazungumzo ya nani alifanya nini yanakuja baadaye, wakati watu wameshakaa chini na pumzi zimetulia. Angalia ufundi ulioko hapo: kuna mtu wa tatu, kuna muda wa kupoa, kuna ishara ambayo mkosaji mwenye kiburi anaweza kuitoa hata kama mdomo wake bado mgumu. Dini zetu zilipokuja ziliweka juu yake maombi na Meza ya Bwana, na pale zilipoungana vizuri na desturi, zilitoa ndoa imara.

Kinachoniuma ni kwamba watu hao tumewaacha kule mlimani tukaja mjini na masharti peke yake. Wanandoa wa Sakina au wa Pasua wana amri zote za walikolelewa, lakini jirani hawamjui jina, mzee wa kanisa wa mtaa wao hajawahi kuingia kwao, na wasimamizi wa ndoa walichaguliwa kwa sababu wana gari zuri au watapendeza kwenye picha. Kamati ya harusi inakaa kila wiki kwa miezi kuzungumzia ukumbi, michango, keki na mpiga picha. Mafundisho ya ndoa yanabanwa katikati, na mara nyingine bwana harusi anatuma ujumbe kwa mchungaji kwamba yuko safarini. Halafu ndoa ikiyumba mwaka wa pili, wasimamizi hawapokei simu. Malezi ya dini hapo yamebaki kuwa woga wa aibu. Woga wa aibu unaweza kuwaweka watu chini ya paa moja, lakini ndio hao hao wanaokuja kuishi kwa kuongelea ada, mahindi na misiba.

Kwa hiyo kuhusu mchumba wako, swali la mama yako, "amelelewa katika dini?", ningeligeuza. Akikosea anafanya nini? Kuna mtu gani duniani ambaye akimwambia "hapo umekosa", anasikiliza? Kama ni bibi aliyemlea, huyo bibi ni hazina, mfahamu mapema. Kama hakuna hata mmoja, hilo ndilo la kukusumbua, kuliko madrasa aliyoiacha.

Muulize pia wazazi wake waliachanaje. Huku kwetu Wakristo wengi wanaamini kwamba Mwislamu anatamka neno tu na mambo yameisha, na nahisi mama yako ni mmojawapo. Sivyo mafundisho yalivyo. Qur'ani, katika Sura An-Nisaa aya ya 35, inaagiza kwamba ikihofiwa mfarakano, atafutwe mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Ona jinsi inavyokaribiana na yule mzee wa isale. Katika Al-Baqara aya ya 229 mume anaambiwa ama akae na mkewe kwa wema ama waachane kwa ihsani. Hata talaka ikitoka, mke anakaa eda, ambayo kwa anayepata hedhi ni kiasi cha miezi mitatu, na ikiwa ni talaka ya rejea, yaani ambayo mume bado anaweza kumrudia mkewe, anaikaa katika nyumba ya mumewe, ili mlango wa kurudiana ubaki wazi. Mke naye ana njia ya khului, yaani kuomba kuachwa kwa kurudisha mahari. Na kwa sheria ya nchi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Mwislamu kama ilivyo kwa Mkristo anatakiwa kupita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla mahakama haijatamka talaka.

Sasa je, kwao mwenzako yalifanyika hayo? Kuna mtu aliyewakalisha? Au baba aliondoka siku moja na mtoto akaambiwa na majirani? Mtoto aliyeona wazazi wakiachana kwa utaratibu, wakaendelea kuheshimiana na kushirikiana kumsomesha, amejifunza kitu tofauti kabisa na yule aliyeachwa mlangoni. Mwache asimulie. Usimhukumu baba yake mbele yake. Sikiliza anavyomtaja mama, anavyomtaja baba, kama amewahi kukaa na hilo akalifikiria au bado linamtoa jasho. Mtu aliyelitazama jeraha lake usoni ni salama zaidi kuliko aliyelelewa kwaya tangu utoto bila kuwahi kujitazama.

Tuje kwenye ubatizo. Hapo nataka unisikilize vizuri.

Mama mkwe wako mtarajiwa alisilimu ili aolewe. Ndoa ilipokwisha, akarudi kanisani. Mwanawe leo anataka kufanya jambo lile lile kwa upande wa pili: kubatizwa ili ndoa ifungwe. Sijui kama yeye mwenyewe ameuona mfanano huo. Umuulize kwa upole, siku mmetulia. Watafiti wawili, Evelyn Lehrer na Carmel Chiswick, waliliangalia suala hili huko Marekani mwaka 1993. Waliona kwamba wanandoa wa imani tofauti walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuachana, lakini wale ambao mmoja alihamia imani ya mwenzake wakawa wamoja, ndoa zao zilikuwa imara si chini ya zile za waliozaliwa wote katika imani moja. Malezi hayakuwa hukumu. Kilichozungumza ni imani waliyokuwa nayo pamoja walipoanza nyumba.

Pamoja, si kwenye cheti. Nikupe mfano wa ndoa ambayo wote wawili walilelewa katika dini kwa bidii. Mume Msabato wa Upare, mke Mlutheri wa Marangu. Wote wasomaji wa Biblia, wote hawanywi. Walikuja kwangu wakiwa hawasemezani, na kila mmoja alidhani tatizo ni tabia ya mwenzake. Tulipokaa kuhesabu juma lao, ikaonekana hivi: kwa mume, Ijumaa jua likizama kazi zimekoma hadi Jumamosi jioni, hapikiwi, hafuliwi, haendi sokoni. Kwa mke Jumamosi ndiyo siku ya pekee ya kufua, kwenda soko la Mbuyuni, na ya harusi za ndugu, na huku kwetu harusi ni Jumamosi. Jumapili mke na watoto wako kanisani hadi mchana, mume yuko kwenye shughuli zake kwa sababu kwake juma limeanza. Hawakuwa na siku hata moja ya kukaa pamoja. Watoto walikuwa wanafungiwa kati ya ibada mbili. Na wakipanda Marangu sikukuu, wakwe wanachinja nguruwe na kupika mbege, pombe yetu ya ndizi, mume anakaa pembeni na soda yake, wakwe wanasema anajitenga. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na imani haba. Imani zenyewe ndizo zilizogawana kalenda, na siku ya uchumba hakuna aliyechukua kalenda wakaitazama.

Walipona kwa mambo madogo. Ijumaa kabla ya jua kuzama ikawa ndiyo siku ya kazi zote, mume akifua pamoja na mkewe. Jumapili jioni ikawa yao na watoto, na simu zinawekwa kando. Mke alikwenda mwenyewe kuongea na kaka zake, akaanza kuagiza mbuzi achinjwe pembeni ya nguruwe. Hawajawa dhehebu moja hadi leo, na wako pamoja.

Wewe na mwenzako mna kalenda yenu ya kuitazama. Mwezi wa Ramadhani baba yake akiwaita kufuturu mtakwenda? Mtoto wa kwanza ataitwa jina la nani, na atabatizwa lini? Mambo mawili ninayaona yakisahaulika mno. La kwanza ni mirathi: kwa sheria ya Kiislamu, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Mwenzako akibatizwa, kama mali ya baba yake itagawiwa kwa sheria hiyo, ajue anaacha nini, na asije miaka kumi baadaye akakuhesabia wewe hasara hiyo. La pili ni mazishi. Waislamu huzika upesi, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Wachaga tunasubiri wa Dar es Salaam na wa ng'ambo wafike, na tunazika kihambani, kwenye shamba la ukoo. Nimeona pande mbili zikigombea maiti mbele ya mjane, na mjane hana la kusema kwa sababu marehemu hakuwahi kusema. Semeni mkiwa wazima.

Kama anabatizwa, basi aende darasa la ubatizo kwa muda wake, akiwa na haki ya kumwambia mchungaji "bado sijaamini". Tarehe ya harusi isiwekwe juu ya darasa hilo. Kama moyoni hayupo tayari, afadhali aseme, na mzungumze na mchungaji wa usharika wako kuhusu hali yenu jinsi ilivyo. Sheria ya nchi inawaruhusu pia kufunga ndoa bomani bila kujali dini ya yeyote. Mkienda huko, taarifa ya nia ya ndoa inatolewa angalau siku 21 kabla, na mhakikishe mnaandika kwamba ni ndoa ya mke mmoja. Ikishafungwa hivyo, haigeuzwi kuwa ya wake wengi mpaka ninyi wawili kwa hiari yenu mtamke hivyo mbele ya hakimu au jaji. Najua kwa baba yako mzee wa kanisa, bomani ni pigo. Lakini ndoa ya bomani yenye ukweli inaweza kuja kubarikiwa kanisani siku mwenzako atakapoamini. Ubatizo wa uongo, akiuchoka, utaonekana kama amemwacha Mungu na amekuacha wewe kwa pamoja.

Kuhusu woga wako wa kunasa katika ndoa iliyokufa: ndoa ya nchi hii, hata iliyofungwa kanisani, ni ndoa ya kisheria pia. Ikiharibika, mnaanzia Baraza la Usuluhishi la kata, au baraza la jumuiya ya dini lililotambuliwa kisheria, na likishindwa linatoa hati ya kwenda mahakamani. Katika miaka miwili ya kwanza mahakama haipokei shauri la talaka bila kibali maalumu, na naona hilo ni busara. Mali mliyochuma pamoja inagawiwa, na tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa ni mchango. Na kipigo hakisubiri baraza. Mtu akikupiga, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi siku hiyo hiyo. Hata Kanisa Katoliki nililolelewa mimi, ambalo halina talaka, katika kanuni ya 1153 ya sheria zake linamruhusu mwenye kuhatarishwa na mwenzake akae mbali naye. Hakuna dini iliyokutuma kufa ndani ya nyumba. Nayasema haya kwa sababu binti aliyelelewa kwenye nyumba ya kunyamaza anahitaji kuyasikia kwa sauti.

Sasa mama. Usimpelekee tafiti za Wamarekani, na usimtajie ndoa yake, hata kwa mafumbo. Anachosema ni kwamba anaogopa uje uteseke na watoto peke yako, na hofu hiyo ni ya kweli. Mtume kwanza shangazi yako, au yeyote ambaye mama humsikiliza bila kujihami, akae na kijana na bibi yake huko Moshi, ale kwao, aone anavyoongea na waliomlea. Mama akimsikia mtu wake akisema "nimewaona, ni watu", atalainika kuliko kwa hoja zako kumi.

Wasimamizi nao mchague sasa, kabla ya kamati. Tafuteni wanandoa mliowahi kuwaona wakikosana na kupatana. Waombeni mje kwao mara moja kila mwezi kwa mwaka wa kwanza, hata kama hamna tatizo, hasa kama hamna tatizo. Mmoja wao awe mtu ambaye mwenzako anaweza kumpigia usiku na kusema "nimemkosea, nifanyeje?".

Na wewe, wiki hii, tafuta jambo moja dogo ambalo mwenzako amekuudhi nalo ukanyamaza. Najua lipo. Mwambie, kwa sauti ya kawaida, mkiwa mnakula au mnatembea. Uone anavyopokea, na ujione na wewe unavyolisema. Kisha mniandikie tena, safari hii wote wawili.